Siku Injinia Kevin Alipolia Kwetu

Juzi hapa Unguja niliona jengo lililoachwa bila madirisha, nikamkumbuka Kevin, injinia wa Ireland, ambaye baba alikuwa dereva wake kule Jeddah. Kwao kazi zilikuwa zimekauka, ndipo akaja Saudia. Alasiri moja aliingia kwetu, mtaa wa Balad, akinuka saruji na jasho. Mama akammiminia kahawa ya tangawizi.

“Mradi umesimama, halas,” alisema kwa Kiarabu chake kibovu. “Wametuachisha sote.” Akalia kwa sauti.

“Kumbe mzungu naye hukosa kazi?” nilimnong'oneza mama.

“Nyamaza, mwanangu.”

Utotoni nilidhani “sote” ni wazungu tu. Kevin alipata kazi Australia. Baba, mzaliwa wa Jeddah, hakupata kafili mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini kibali cha kuishi. Tukaambiwa turudi kwetu Zanzibar, ambako baba hakuwahi hata kukanyaga.