Tarakimu Sita Kutoka Buguruni

Ofisi yetu iliwahi kukata utepe kwenye kompyuta. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo, na utepe wenyewe niliufunga mimi. Kilichokuwa kinazinduliwa hakikuwa na mlango wa kufungua wala jiwe la msingi, basi mkurugenzi akaagiza tuifunge kompyuta utepe mwekundu kama zawadi ya bi harusi, mgeni rasmi aukate, picha zipigwe. Kulikuwa na keki yenye umbo la wingu. Kulikuwa na fulana pia. Ya kwangu ilikuwa pana kuliko mimi mara mbili, na mpaka leo naifutia vumbi.

Shirika letu ni dogo, lipo ghorofa ya pili pale Kariakoo, juu ya duka la sufuria la Mhindi mwenye jengo. Tunawasaidia wanawake wenye mashauri ya nyumba na mirathi. Wengi wao wanatoka Jangwani na mabonde mengine, ambako mvua ikikaza maji huingia mpaka usawa wa kitanda na kuondoka na kila karatasi. Mimi ni karani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuskani karatasi zao na kuziweka kwenye ofisi yetu ya mtandaoni, lile jalada kubwa ambalo wafanyakazi wote tulilifungua kwa intaneti. Kilichozinduliwa siku ile kilikuwa bakapu yake, yaani nakala ya kila kitu inayojipeleka yenyewe kila siku kwenye hifadhi nyingine, ili ya kwanza ikiharibika ya pili ibaki. Wazo zuri. Wazo sijawahi kulidharau hata siku moja, nawadharau waliokabidhiwa.

Mtaalamu wa kukodiwa, mwenye viatu vya ncha kali, alitueleza kwamba kuifungua bakapu kunahitaji vitu viwili: neno la siri, kisha tarakimu sita ambazo mtambo utazituma kwa ujumbe kwenye simu moja tu. Akauliza iwe simu ya nani. Nikapendekeza simu ya mezani kwangu, ile ya ofisi, isiyotoka nje hata siku za sikukuu. Mkurugenzi akanitazama kama nimependekeza tulale naye chumba kimoja.

"Weka namba yangu," akamwambia mtaalamu. "Mimi ndiye mkuu wa shirika."

Ikawekwa namba yake, namba nzuri ya kujirudiarudia aliyoitafuta kwa muda mrefu na kuitaja kwa watu polepole ili waisikie. Neno la siri likaandikwa kwenye karatasi ya njano na kubandikwa kwenye mlango wa kabati, juu ya chupa ya chai, ili lisipotee. Halikupotea. Alilijua mfagizi, alilijua fundi wa feni, na nina hakika kina mama waliokaa kwenye benchi kusubiri zamu walilijua kwa moyo. Mtaalamu akala keki, akaondoka na bahasha yake.

Baadaye mkurugenzi aliitupa ile namba nzuri. Sababu anaijua kila mtu mjini hapa: michango ya harusi. Mtu mwenye cheo huingizwa kwenye kamati za harusi za watu asiowajua, na mkurugenzi wetu alikuwa hodari wa kuahidi. Ahadi zilipomzidi akanunua laini nyingine, akawapa namba watu aliowataka, ile ya zamani akaichomoa na kuiacha kwenye droo. Hakukumbuka kwamba kuna mtambo unaoamini kwamba yeye ndiye ile namba. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu humpa mtu mwingine. Hilo nalo analijua kila mtu, isipokuwa wakurugenzi.

Kisha ikaja ile barua ya kutuonya kwamba nafasi kwenye ofisi ya mtandaoni imejaa. Mtu mwingine angeuliza kimejaza nini. Yeye alifungua mwenyewe, akaona jalada la nyaraka za kina mama ndilo kubwa kuliko yote, akalifuta. Picha za uzinduzi aliziacha. Nilipokuja kugundua, hata pipa la taka la mtandaoni lilishajimwaga, na nikamwendea kwa hasira.

"Mbona una wasiwasi?" akaniuliza. "Si kuna bakapu?"

Nilimwambia tuifungue tuone. Akasema tutaifungua siku ikihitajika. Mimi nami nikanyamaza. Nilinyamaza wiki nyingi, na hilo sisamehewi na mtu, hata na mimi mwenyewe.

Siku ikahitajika Jumatatu moja asubuhi. Alikuja mama mmoja wa Jangwani ambaye nilikuwa nikimfahamu vizuri, mtu mzima, mwembamba, anayepanda ngazi zetu kwa kupumzika mara mbili. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakaa. Zamani kabla hajaolewa alinunua nyumba ya vyumba viwili kwa jasho lake la kuuza maandazi. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mkono, ikawekwa dole gumba lake na muhuri wa mjumbe wa nyumba kumi. Muuzaji amekufa, mjumbe amekufa, mashahidi wote wamekufa. Mume naye alipofariki, shemeji yake akajitokeza akasema nyumba ni ya marehemu kaka yake, mama atafute pa kwenda.

"Baraza la kata limeniita Alhamisi," akasema. "Wamekubali nikipeleka hata kivuli cha ile hati. Yenyewe si unajua, imekwenda na maji. Nimekuja kuchukua kile mlichonihifadhia."

Siku aliponiletea ile hati niiskani, aliniuliza tunaziweka wapi. Nilimwambia mawinguni. Akasema maji yaliyombomolea jiko yalitoka huko huko. Tulicheka wote, kisha nikamwambia, kwa sauti yangu mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, kwamba hapa hakipotei kitu. Sasa alikuwa amekaa mbele yangu akingoja, mkoba umefunguliwa tayari magotini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nilimwambia arudi keshokutwa, nikaenda kwenye hifadhi, nikaandika neno la siri la kwenye kabati. Mtambo ukanijibu kwamba tarakimu sita zimetumwa. Nikamwuliza mkurugenzi. Akachungulia simu yake mpya, akachungulia tena, kisha nikamwona uso unabadilika taratibu. Hapo ndipo alipokumbuka.

Tulihangaika siku nzima. Wakala wa kampuni ya simu alisema laini ikishapewa mtu mwingine ni mali yake huyo. Wenye hifadhi waliandika kwamba watachunguza ombi letu kwa siku kumi na nne. Mtaalamu wa viatu vya ncha hakupokea simu. Ikabaki njia moja, kuipigia ile namba.

Akapokea mwanamke. Nyuma yake nilisikia makonda wakiita abiria na mtu akinadi vitunguu. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza mimi ni nani, kwamba kuna ujumbe wenye tarakimu sita umeingia kwenye simu yake kwa bahati mbaya, na namwomba sana anisomee.

"Dada yangu," akasema, "hiyo mmeshaichakaza. Juzi kanipigia mmoja anasema ni mwalimu mkuu, mwanangu kadondoka shuleni, nitume hela ya hospitali. Mimi sina mtoto."

"Mimi si tapeli, dada."

"Hata yeye alisema hivyo. Kwanza kila siku tunaambiwa, namba ya siri ikija kwenye simu yako usimpe mtu. Sasa wewe ni mtu au siyo mtu?"

Mkurugenzi akaninyang'anya simu. Akakohoa kidogo, akaivaa ile sauti ya kwenye semina.

"Unaongea na mkurugenzi wa shirika," akasema. "Nakuagiza usome huo ujumbe mara moja."

"Na mimi ni waziri," yule mwanamke akajibu, akakata.

Mkurugenzi akasema mwanamke yule ni jeuri, hana shule. Nilimtazama yeye, nikaitazama karatasi ya njano juu ya chupa ya chai, nikaona mwenye shule ni nani.

Jumanne nilimpigia tena, nikamwomba anielekeze alipo nimfuate. Akacheka, akasema tapeli wa kufuata mtu sokoni hajawahi kumwona, basi niende, yupo Buguruni, kwenye kona ya wauza vitunguu, na nikitaka kumuibia nijiandae kukimbia. Nikamwambia mkurugenzi twende wote, maana namba ilikuwa yake na kosa ni lake. Akasema ana kikao. Nikamuuliza kikao gani. Akasema cha mkakati.

Jumatano asubuhi niliibeba ile kompyuta mpakato iliyowahi kufungwa utepe, nikamchukua mama wa Jangwani, tukaenda. Njiani nilimweleza yote. Sikumficha hata neno, pamoja na kunyamaza kwangu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama huyo mkurugenzi ana mama yake mzazi. Nikamwambia anaye.

Mwenye namba alikuwa wa rika langu, amejifunga kanga mbili, anapima nyanya na vitunguu kwa kopo la sado. Mimi hakunishughulikia kabisa. Alimwamkia mama, akamtolea kigoda, akamwambia, "Haya mama, nieleze wewe. Huyu dada ana maneno mengi."

Mama akaeleza. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuandika kwenye faili lake lolote: maandazi, dole gumba, mjumbe aliyependa kahawa, maji, shemeji. Mwenye namba alisikiliza mpaka mwisho huku wateja wakisubiri, na mmoja aliyelalamika aliambiwa aende kwa jirani. Kisha akatoa simu yake kifuani.

"Bosi wenu ndiye huyu anayealikwa kila harusi?" akaniuliza. "Tangu nimepata hii laini sipumziki. Mchango, kikao, mchango. Moja nilikwenda. Kadi ilisema watu wawili, nikamchukua mdogo wangu. Tulikula vizuri."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Nikafungua kompyuta juu ya gunia la vitunguu, nikaomba tarakimu upya. Simu yake ikalia. Nikanyoosha mkono nipokee, akaisogeza mbali.

"Nitaandika mwenyewe," akasema. "Wewe geuka kule."

Nikageuka, karani wa miaka mingi, nikatazama mafungu ya nyanya huku mwanamke asiyenijua akiifungua hifadhi ya ofisi yangu kwa kidole chenye udongo. Aliponiruhusu kugeuka, kila kitu kilikuwemo. Mtambo ulikuwa umefanya kazi yake siku zote bila kusifiwa na mtu, jambo ambalo pale ofisini kwetu halijawahi kutokea. Nikatafuta jina la mama, nikaifungua hati, ikaonekana yote: mwandiko, muhuri, dole gumba. Mama alisogeza uso karibu na kioo. Akaliweka dole gumba lake juu ya lile la kwenye picha, akaliacha hapo.

"Ndilo," akasema.

Alhamisi baraza lilikipokea kivuli, na shemeji akatoka kabla hawajamaliza kukisoma. Ijumaa mkurugenzi alimwita mama ofisini apigwe naye picha akimkabidhi hati iliyowekwa kwenye fremu. Mama hakuja. Alituma salamu kwamba kivuli anacho tayari, fremu wamtundikie mwenye cheo.

Nilirudisha majalada yote mahali pake. Karatasi ya njano niliibandua, nikabadilisha neno la siri, na jipya sikumwambia mtu. Mkurugenzi akaniagiza nibadilishe na namba, niweke ile yake mpya. Nikamwitikia ndiyo bosi. Wiki chache baadaye akanunua laini nyingine tena, msimu wa harusi ulikuwa umeanza.

Namba sikuibadilisha. Nilifikiri sana, nikawapitia kichwani wafanyakazi wote wa ofisi yetu mmoja mmoja, nami nikijiweka humo, na sikumpata ambaye angeweza kuagizwa na mkubwa akakata simu. Nilimwomba mwenye namba ruhusa. Alisema haidhuru, ila asije kukabidhiwa fulana.

Kwa hiyo siku hizi nikitaka kuifungua bakapu hupiga simu Buguruni. Hanisomei hata moja mpaka aulize, "Leo ni mama gani?" Jina simtajii, namwambia tu ametoka wapi na amepoteza nini. Husikiliza mpaka mwisho, ndipo anasoma, tarakimu moja moja. Pale Kariakoo nimefungua mafaili mbele ya wakubwa kwa miaka mingi, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.