Kanda ya Bi Saumu

Nakumbuka alasiri moja hapa Likoni, miaka ya themanini, nimekaa kwenye baraza ya watu, kanzu yangu imepigwa pasi, naomba ardhi ipasuke inimeze. Weka simu chini, mjukuu wangu, unisikilize.

Nilikuwa nikirekodi kanda. Baharia mmoja aliniletea taarabu kutoka Maskati, mwimbaji simjui. Nikasema, huyu yuko ng'ambo, atanijulia wapi? Nikaziweka redio mbili zitazamane sebuleni, moja iimbe, nyingine irekodi. Kelele za nyumba ziliingia humo, lakini nani alijali? Nikauza nakala Likoni nzima.

Kisha nikampenda Mwanasha, wallahi hata chakula hakipiti. Mamangu akaenda kuniposea, mimi nikabaki barazani, masikio dirishani. Ndani mwanamke akasema, "Karibuni. Mimi Saumu, mamake mdogo Mwanasha, nimerudi juzi kutoka Maskati. Kule naimba. Sasa sikilizeni kanda yangu niliyoikuta kwa jirani."

Kanda ikaanza. Ile taarabu! Bi Saumu anaimba kwa madaha, mara katikati ya ubeti ikaja sauti kali: "Wee Bakari! Mtoe kuku jikoni, anadonoa unga!"

Halafu mamangu, masikini, akasema, "Yarabi, si mimi huyo?"

Bi Saumu akatoka na kanda mkononi.

"Ndiwe Bakari?"

"Labeka, mama."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nilidhani uko mbali..."

"Haya, nimekuja karibu. Kila uliyemuuzia, nenda mlangoni kwake ukamwambie uliniibia. Ukimaliza, rudi tuzungumze habari za posa."

Nilizunguka majuma mawili, mpaka Mtongwe. Aibu niliyoiona! Kila nikipita watoto wananiitia kuku. Lakini nilimaliza, na Mwanasha, ambaye ni nyanyako, nikapewa.

Basi, mwanangu, usiniambie tovuti ni ya ng'ambo na sheria ya huku haifiki kule. Kwanza waulize wanaoijua sheria, usijiamulie wewe. Na kama mwenye wimbo hakukuruhusu, usiupakue. Kuwa kwake mbali hakuufanyi wimbo uwe wako.

Siku ya harusi Bi Saumu aliimba mwenyewe. Alipofika ubeti ule akanyamaza makusudi, na wanawake wote wakapaza sauti: "Wee Bakari! Mtoe kuku!" Nyanyako alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Mungu akupe riziki ya halali, akuzidishie haya, na siku utakayoposa wewe, inshallah, kanda yako isiwe na kuku.