Kabla Gari Halijafungwa

Fundi Meno hajawahi kuendesha gari likafika lilikokuwa linakwenda. Alijaribu siku za ujana, akagonga ukuta wa shule ya udereva, akashuka, akamkabidhi mwalimu funguo, na baadaye akamwoa mwalimu mwenyewe. Watu wakasema jamaa kapata dereva wa bure. Mpaka leo akikaa kiti cha mbele pembeni ya mkewe hushika kishikio cha mlango kwa mikono miwili, na wakikaribia mzunguko wa barabara hufumba macho. Sasa mtu kama huyo, ukimuuliza anapenda nini duniani baada ya watoto wake, atakujibu bila haya kwamba anapenda magari ya mbio.

Si magari yoyote ya mbio, tafadhali. Ukisema hivyo atakukatiza. Yeye anapenda yale ya zamani ya mbio za masafa marefu, yaliyokuwa yakikimbia mchana kutwa na usiku kucha, yaliyoundwa moja moja kwa ajili ya uwanja na si kwa ajili ya kuuzwa dukani. Huyaita prototaipu, na neno lenyewe hulitamka taratibu, kama wengine wanavyotamka jina la mchumba. Yalikuwa yamelala chini kiasi kwamba paa la gari lilimfika mtu kiunoni, na baadhi yake yalikuwa na mkia mrefu nyuma. Kwa macho yake hajaliona hata moja. Anayajenga tu, madogo, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, yaani gari zima linakaa kiganjani na usukani wake ungemtosha mtoto kuwa pete.

Kazi inayomlisha ni meno. Chumba chake kiko nyuma ya kliniki, kina dirisha moja, mashine ya kusagia na harufu ya akriliki, ile plastiki ya ufizi bandia, isiyotoka kwenye nguo hata zikifuliwa mara mbili. Daktari huchukua vipimo mbele kule, na Fundi Meno huku nyuma anachonga nta, anamimina plasta, anatengeneza meno. Nusu ya wazee wa mtaa wanatafuna na kucheka kwa kazi yake, na wakipishana naye barabarani hawamjui. Hilo halimuumi, au ndivyo asemavyo. Jino bandia zuri ni lile ambalo hakuna anayeligundua.

Gari lililomletea taabu alilipata kwa fundi viti. Alikuwa amepeleka kiti kilichovunjika mguu, akaona boksi la karatasi ngumu limejaa misumari, na ubavuni mwa boksi, chini ya vumbi na gundi, kuna picha iliyofifia ya mkia mrefu.  Alikuwa amelitafuta gari hilo tangu watoto wake hawajaota meno. Lakini mtu mzima hakurupuki, alizunguka kwanza, akasifia kabati, akapapasa mto wa kochi, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Misumari hii unauza?"

"Misumari imeshika kutu hiyo," fundi viti akasema.

"Mimi napenda ya kutu."

Fundi viti akamtazama kwa huruma, akamuuzia boksi na vyote vilivyomo. Chini ya misumari, kwenye mfuko wa nailoni, vipande vya gari dogo la kuunganisha vilikuwepo karibu vyote. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka na gurudumu moja halikuwepo. Kioo alikitengeneza kwa karatasi ile angavu wanayotumia kliniki kwa watu wanaosaga meno usingizini. Gurudumu alilichonga kwa nta, akalimimina kama anavyomimina jino la nyuma. Ukiyaweka manne pamoja, hutajua ni lipi mgeni.

Mpaka hapo hakuna shida. Shida ilikuwa injini. Gari lile linafungwa. Mgongo wote wa nyuma ni kipande kimoja. Ukishakibandika na kuziba ufa na kupiga rangi, hakifunguki tena mpaka ulivunje. Watu wenye akili huweka injini ya kubabaisha, kidude cheusi tu, wakafunga. Fundi Meno akajenga injini yote. Silinda kumi na mbili, mabomba ya mafuta, vibanio vya mabomba, na kwa kila plagi waya wake uliotolewa ndani ya kebo ya simu mbovu, mwembamba hata ukipumua vibaya unapotea. Alijenga miezi na miezi juu ya meza ya kulia, huku familia ikila kwenye makochi na sahani mapajani.

Injini ikaisha. Kilichobaki kilikuwa kufunga, na kufunga kukamshinda.

Kila jioni alikuwa akichukua gundi, anaiweka chini. Alimwita mkewe, ambaye mtaa mzima, na mumewe pia, wanamwita Mwalimu. "Njoo uone." Mwalimu akaja na mwiko mkononi, akainama, akasema, "Zuri kweli," akarudi jikoni. Alimwita binti yake, binti akapiga picha kwa simu, na picha ikatoka imeonyesha zaidi kidole gumba cha baba. Daktari wa kliniki alitazama akauliza kama linatembea kwa betri. Fundi Meno akaanza kuumwa na jambo asilolitarajia katika umri wake. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu, aione ile kazi na kujua anachokiona, kabla haijafukiwa. Na katika mji ule mtu wa namna hiyo alikuwepo mmoja, na walikuwa hawasemeshani.

Mtu huyo ni Fundi Saa, mwenye kibanda cha vioo chini ya ngazi za jengo la ofisi. Zamani walikuwa chanda na pete, wakijenga magari pamoja kila Jumapili. Urafiki ulivunjwa na rangi. Walikuwa na picha ya gari fulani, picha ya nyeusi na nyeupe, na mmoja akasema gari lilikuwa jeupe, mwingine akasema lilikuwa krimu. Hakuna kati yao aliyekuwa amezaliwa gari hilo lilipokimbia. Wakabishana mpaka wakatajiana mambo ya harusi zao, na tangu hapo kila mmoja akapitia upande wake wa barabara.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama Mwalimu asingetangaza kwamba dada yake mkubwa anakuja kukaa nao, na Mama Mkubwa hali chakula mapajani. "Nataka meza yangu, baba watoto. Jumatatu. Lifunge hilo gari au ulihamishie kliniki."

Basi Fundi Meno akavua saa yake, saa isiyo na ubaya wowote, akaenda nayo chini ya ngazi.

"Inachelewa," akasema, bila salamu, maana salamu ingekuwa kujishusha.

Fundi Saa akabandika lenzi jichoni, akafungua saa, akaitazama kwa muda. "Haina kitu hii."

"Iangalie vizuri."

"Nimeiangalia vizuri. Sema shida yako, bwana."

Fundi Meno akatazama saa za ukutani, kila moja ikisema lake. "Nimelipata lile la mkia mrefu."

Lenzi ikatoka jichoni. "La silinda kumi na mbili?"

"Hilo hilo. Nimeijenga injini yote."

"Umeshafunga?"

"Bado." Akameza mate, na kiburi kikashuka pamoja na mate. "Nataka ulione kwanza. Hakuna mwingine wa kumwonyesha."

Fundi Saa akamrudishia saa yake. "Jumapili baada ya chakula. Na sikai sana."

Jumapili akaja, kavaa shati la heshima, tochi ndogo na lenzi mfukoni. Mwalimu akamkaribisha, "Shemeji, ulitupotea kabisa!" Fundi Saa akanawa mikono, akakaa mezani, akainama. Chai ikaletwa ikapoa. Fundi Meno akasimama nyuma akijifanya anapanga vitabu, akitoa kimoja na kukirudisha palepale. Hajawahi kuogopa hivyo hata siku ya kuomba uchumba.

"Vibanio umefunga kimoja kimoja," Fundi Saa akasema bila kuinua kichwa.

"Kimoja kimoja."

"Na bomba hili umelipitisha chini. Wengi hulipitisha juu."

"Wengi hawajui."

 Kisha Fundi Saa akaguna. "Waya wa plagi ya tano umeupeleka kwenye ya sita. Na wa sita umeupeleka kwenye ya tano."

"Haiwezekani!"

"Lenzi hii hapa."

Fundi Meno akatazama. Ilikuwa kweli tupu. Nyaya mbili, nyembamba kuliko unywele wa farasi, zimepishana mahali ambapo jicho la kawaida lingeona giza tu.

"Injini hii isingewaka vizuri, ndugu yangu," Fundi Saa akasema kwa upole. "Ingekohoa kohoa tu."

Akainuka, akanywa ile chai ya baridi yote kwa mkupuo, akafika mlangoni akageuka. "Ukishairekebisha niite. Usifunge bila mimi."

Mwalimu aliyasikia yote kutoka jikoni. Alipotoka alimkuta mumewe ameshaanza kuing'oa injini, na ili azifikie nyaya mbili ilibidi avunje mabomba yote ya juu, kazi ya majuma kadhaa ambayo kuanzia kesho ingebidi ahamie nayo kliniki. Na alikuwa anapiga mluzi.

"Kwani injini hiyo ilikuwa iwake?" Mwalimu akauliza.

"Hapana."

"Kuna mtu atakayeiona ukishafunga?"

"Hakuna."

"Mwenzio kaja kakutoa kasoro, kanywa chai, kaondoka. Na wewe unapiga mluzi. Unaumwa?"

Fundi Meno akaweka kibano chini. "Ameiangalia, Mwalimu. Ameiangalia kweli."

 Mwalimu akatupia kitambaa cha jikoni begani. "Na mimi miaka yote hii nafanya nini? Unaniita njoo uone, naacha sufuria motoni, nakuja. Naona gari. Nasema zuri, kwa sababu ni zuri. Hujawahi hata siku moja kuniambia niangalie wapi."

 Fundi Meno alitafuta katika miaka yote hiyo siku moja ya kujitetea, hakuipata. Akaona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu mwanamke aliyekuwa akimwona hana jicho ndiye anayeshinda kutwa nzima pembeni ya madereva wanafunzi, akiona mguu unaochelewa kwenye breki kabla mwenye mguu hajajua.

Mwalimu akavuta kiti. "Haya. Nionyeshe hilo kosa."

Mumewe akamwekea kioo cha kukuzia, akamwelekeza: silinda hii ni ya kwanza, unahesabu hivi, waya unatoka hapa. Mwalimu akachomoa pini kwenye nywele, akaufuata waya mmoja kwa ncha bila kuugusa, polepole, midomo ikihesabu. Akafika.

"Huu si umeingia njia ya mwenzake!" akasema kwa ile sauti inayowatoa jasho wanafunzi wake. "Na huu naye kajibu hivyo hivyo. Loo! Mbona umefanya ujinga huu?"

"Nilikosea."

Fundi Meno akadhani mkewe atainuka sasa, sufuria ilikuwa inachemka kule. Hakuinuka. Pini ilihamia waya wa saba, ikaenda wa nane.

"Hizo ziko sawa," Fundi Meno akasema. "Kosa lilikuwa hilo moja tu."

"Nyamaza kwanza," Mwalimu akamwambia. "Naangalia."

Fundi Meno akamsogezea taa.