Sindano ya Dada Mtu

Msusi tuliyemwita Vidole hakuwa mtu wa kulalamika. Alisuka kutwa nzima akiwa amesimama, mikono juu, mdomo nao haupumziki, saluni yote hoi kwa kicheko. Mimi nilisukia kwenye kiti cha pili, na wateja walikuwa radhi kumngoja yeye huku kiti changu kikipigwa na upepo.

Dada yake ni nesi. Siku ya chanjo alimpitisha mbele ya foleni, kindugu. Blauzi ya Vidole ilikuwa ya mikono ya kubana, haipandi. Badala ya kumpeleka nyuma ya pazia avue, dada mtu akaivuta shingo ya blauzi, bega likachomoza, akachoma hapohapo juu, karibu na mfupa.

Mkono wa chanjo huuma siku mbili tatu ukaachia. Wa Vidole haukuachia. Wiki zikapita, akawa hawezi hata kufunga sidiria. Dada yake akamwambia akande maji ya moto na aache kudeka. Akakanda. Wateja wakahamia kwangu, kwanza kwa aibu, kisha bila aibu. Kilichonichoma roho ni maneno waliyokuja nayo: eti nesi mwenyewe amesema mdogo wake anasingizia mkono, uvivu tu. Nani ambishie nesi? Hata mama yao aliamini.

Mwenye saluni alipompa mtu mwingine kiti cha Vidole, nilimshika mkono mzima nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alilibonyeza bega, akauliza sindano iliingia wapi, akasema ilichomwa juu mno, ikaumiza kiungo. Angewahi, mazoezi yangemsaidia mapema. Sasa huenda mkono usirudi kama zamani.

Tulimkuta dada mtu kwa mama yao. Vidole alieleza yote bila kupandisha sauti, akitegemea dada yake atashtuka. Hakushtuka.

"Nilijua siku ileile," dada mtu akasema, macho chini. "Nilipochomoa tu, niliona nimekosea."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningefukuzwa kazi, mdogo wangu."

"Kwa hiyo ukaona bora nifukuzwe mimi."

Mama yao akasema yaishe, wao ni wa tumbo moja. Vidole alichukua sweta lake tuondoke. Dada mtu akainuka haraka amsaidie kuvaa. Vidole akarudi nyuma, akanipa mimi.