Majani ya Kunde za Kalunde

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu hata leo nikiona kunde changa moyo unanichoma kidogo. Tulikuwa Kwihara, zama za Mwingereza, nami nilikuwa mke mpya. Kaka wa mume wangu naye alikuwa ameoa, mkewe akiitwa Kalunde. Mama mkwe wetu alikuwa na shamba zuri bondeni, na kwa kuwa magoti yalikuwa yanamsumbua, alisema atampa mmoja wetu, yule ambaye shamba lake la mahindi litampendeza zaidi.

Nililitamani lile bonde, acha tu! Nikapalilia tangu alfajiri, lakini mvua ikinyesha magugu yanarudi. Kalunde yeye alipanda kunde na maboga katikati ya mahindi, vikatambaa vikafunika udongo, magugu yakakosa jua. Mchana namwona amekaa kivulini anasukwa nywele! Wivu ukanishika.

Sasa, kwetu mtu akija na kikapu kuomba mboga hanyimwi. Nikaenda.

"Dada, naomba majani ya kupika."

"Chuma tu, mdogo wangu. Chuma mengi."

Nikachuma kwa hasira. Nilikata kila ncha niliyoiona, ya kunde na ya maboga, ili mimea idhoofu, udongo ubaki wazi, naye alionje jembe. Nikarudi tena na tena. Mume wangu akachoka kula kunde, akaniuliza kama kwetu mboga nyingine hazijulikani.

Kumbe kunde ukizikata ncha zinatoa matawi pembeni! Zikazidi kusambaa. Na kwangu, kwa kuwa nilikuwa nashinda kwa mwenzangu, magugu yakafika magotini.

Mama mkwe alipokuja kukagua, Kalunde alinishika mkono.

"Mama, huyu ndiye aliyenisaidia. Peke yangu nisingeweza kuzikata ncha zote hizi."

Alisema kwa moyo safi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mama mkwe akalitazama shamba langu, kisha akanitazama mimi. Alikwisha kuelewa.

"Mwanangu, mikono yako inaijua kazi," akasema. "Mwakani ifanyie kazi kwako."

Bonde akapewa Kalunde. Kesho yake aliniletea mbegu za kunde ndani ya kibuyu, nami nikazipokea huku nimenuna.

Basi nawe, mwanangu, usiiache ardhi uchi. Mahindi yakishashika, panda kunde na maboga katikati, yafunike udongo kabla magugu hayajaufunika. Na shamba la mwenzio likikupendeza, muulize amefanyaje. Mimi ningeuliza tu, Kalunde angenipa zile mbegu siku ya kwanza. Mungu akujalie mvua ya kutosha na jirani kama yeye, na akuepushe na macho niliyokuwa nayo mimi mwaka ule.