Ngoma ya Msiba ya Ukoo Wetu Iko Ulaya, Wanataka Niipige Ijumaa

Naomba mnifichie jina na nchi niliyopo, maana Bagamoyo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mkwere wa Fukayosi, sijaolewa, na kazi yangu ni kupiga na kufundisha ngoma pale mjini. Mwaka huu nilipata ufadhili wa kuja Ulaya kukaa miezi kadhaa kwenye makumbusho, kupitia mpango wa nchi yetu na yao kubadilishana wasanii na watafiti. Nawasaidia kuzitambua ngoma za pwani walizonazo, na mwishoni natakiwa kupiga mbele ya watu. Nilipoondoka mama alipika pilau, akaita mtaa mzima.

Mwenyeji wangu ni mtafiti, nitamwita Marta. Kiswahili anakijua, na amenitunza kama ndugu. Siku moja alinifungulia stoo ya chini akanionesha ngoma kubwa iliyoandikwa tu kwamba inatoka Afrika Mashariki. Michoro yake ilikuwa ileile ya ngoma ndogo iliyoko kwa mjomba Fukayosi, ambayo tangu utoto tunaambiwa ina dada yake mkubwa aliyechukuliwa na Wazungu zamani. Nikaipiga picha, nikamtumia mjomba.

Alinipigia hapohapo.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. "Umeigusa?"

"Bado."

"Usiiguse. Hiyo inalia akifa mkubwa wa ukoo tu. Haichezewi."

Nikamweleza Marta, maana tayari alikuwa ameipanga iwe ngoma ya mwisho siku ya onesho. Akasema, "Nimehangaika miaka kuitoa stoo. Wakubwa wangu wanaona ni kitu tu, hakina mwenyewe. Wakikusikia unaipiga, ukawaambia ni ya kwenu, nitakuwa na pa kuanzia kuomba irudishwe. Ukikataa itarudi chini, na mimi mkataba wangu unaisha." Sikuona uongo machoni mwake. Hilo ndilo linalonitesa, ningeona uongo ningefunga begi.

Nikiwa bado nawaza, mama akaanguka nyumbani. Moyo. Wamemlaza, na daktari hasemi lolote la kueleweka. Nikataka kurudi, mama mwenyewe akakataa, akasema nimalize nilichokuja kufanya. Mjomba akanipigia tena, sauti imebadilika. "Kwenye ukoo huu hakuna mwanamke aliyebaki mkubwa kuliko mama yako. Sasa ukiipiga naye yuko kitandani, unamlilia nani?"

Tangu hapo silali vizuri. Juzi tulifanya mazoezi, wakaniwekea ile ngoma katikati ya ukumbi, mafundi wa taa wananisubiri. Nikakaa. Mikono ikagoma. Nikawaambia nina homa, nikaenda kulia chooni.

Jana mama akapiga, sauti imeisha kabisa. Nikadhani mjomba amemtuma anikataze.

"Kaka yangu kanieleza," akasema. "Yeye anaogopa, mwache. Mimi ile kubwa sijawahi kuisikia maisha yangu yote. Bibi yako naye alizikwa bila kuisikia. Ipige, na simu uiweke karibu."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni ya msiba."

"Najua ni ya nini. Siku yangu ikifika nitapigiwa na nani, na yenyewe iko huko? Nipigie nikiwa nina masikio."

Nikamsikia nesi akimwambia apumzike, simu ikakatika.

Mjomba anasema nikiipiga nisikanyage kwake tena, na mama akifariki nisitokee mazikoni. Huyo ndiye kaka pekee wa mama, ndiye aliyenilea baba alipotuacha. Marta ananiuliza kila asubuhi kama nimepata nafuu, nami naitikia tu. Nikiipiga, naogopa nitakuwa nimemwitia mauti mama yangu kwa mikono yangu. Nisipoipiga, nitakuwa nimemnyima kitu pekee alichowahi kuniomba, na ngoma ya kwetu itarudi gizani. Wenye imani, wenye mila, na ninyi mliouguza wazazi mkiwa mbali, semeni nami bila kunionea haya. Onesho ni Ijumaa, na mama ameshamwambia nesi asiizime simu yake siku hiyo. Nifanye nini?