Hatua za Mzee Taruma

Mtaani walimwita Mzee Taruma, na sababu haikuwa siri. Ungemwona anakwenda dukani ungedhani anaruka madimbwi asiyoyaona mwingine: hatua fupi, zote sawasawa, macho chini. Alikuwa mmoja wa waliojenga reli inayovuka bara zima, kikosi chao kikitokea bahari moja na kikosi kingine bahari ya pili, hadi wakakutana katikati. Ujana wake wote aliumalizia juu ya mataruma, zile mbao nene zinazobeba reli, na miguu ikazoea nafasi ile ile.

"Kazi umestaafu," mkewe alimtania, "ila miguu bado haijapewa taarifa."

Mkewe naye alikuwa zao la reli hiyo hiyo. Kambi ilihama kila njia iliposogea, na yeye, akiitwa Mama Chai tangu hajawa mama wa yeyote, alihama nayo na birika lake. Mbao zilipopungua, vijana waling'oa mataruma ya njia ya muda waliyokwisha kuipita, wakayabeba kwenda kuyatandika mbele. Mama Chai alicheka mpaka akamwaga chai. "Nyinyi mnajenga au mnahamisha?" Kijana mmoja akacheka naye, na kicheko hicho ndicho kilichozaa ndoa.

Uzeeni kiharusi kikampiga mzee. Mdomo ulipona upesi, mno kwa maoni ya mkewe, lakini mguu wa kushoto ukagoma. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini aliwaambia mguu una nguvu, umesahau tu namna ya kuanza. Mzee alisimama na fimbo yake, akautaka uende, nao ukabaki sakafuni kama umepigiliwa misumari.

Wakati huo binti yao wa pekee, aliyeolewa upande wa pili wa bara, akapiga simu: anakuja kwa treni, kambeba mjukuu wasiyewahi kumwona. Mzee akaapa kumpokea stesheni kwa miguu yake mwenyewe. "Njia nzima nimeitandika mimi, nishindwe kumfuata hapo tu?" Alijaribu kila asubuhi, akashindwa kila asubuhi, akaanza kususa chakula.

Siku moja Mama Chai alitoa chaga za kitanda, akazilaza uani zipigwe jua. Mzee alikuwa kasimama mlangoni, kashika fimbo, kanuna. Akaziona zile mbao zimepangana mbele yake. Mguu ukanyanyuka. Akakanyaga chaga ya kwanza, akafuata ya pili, akaenda hadi zilipokwisha, akaganda. Mama Chai akainama. Aliokota chaga ya nyuma, akailaza mbele.

"Haya, leo nani anahamisha?" mzee aliuliza, na machozi yakamtoka mbele ya mkewe bila aibu.

Wakafanya hivyo kila siku, na siku ya treni wakafunga chaga kwa kamba, wakakodi teksi. Sasa furaha nayo ina wazimu wake: walishuka ukingoni mwa jukwaa la stesheni, wakalipa, wakaagana na dereva, na chaga zikaondoka na teksi.

Treni ikaingia. Binti akashuka behewa la mbali, mtoto mgongoni. Mzee alitazama sakafu, laini, tupu mpaka mwisho, na mguu ukagoma.

"Baba!" Binti akaanza kukimbia.

"Simama hapo hapo!" Mama Chai alimpigia kelele. "Baba yako anakuja!"

Akavua mtandio, akaukunja mwembamba, akaulaza mbele ya mumewe. Akavua sweta, akalilaza mbele ya mtandio. Mzee akakanyaga, akakanyaga tena. Mama Chai akainama, akatoa cha nyuma, akaweka mbele. Abiria wakawapisha. Mgongo ulimuuma bibi wa watu, lakini aliinama tena, na tena.

Binti alikuwa kishasikia kwa simu habari za chaga. Akafungua shali yake ya shingoni, akaikunja, akailaza upande wake, kisha akarudi nyuma hatua moja kumpisha baba yake.

Mzee aliifikia shali. Akaikanyaga kwa mguu wa kushoto, akanyoosha mkono, akamshika mjukuu kisigino.

"Reli zimekutana," alisema. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa bado kainama na mtandio mkononi. "Asante, Mama Chai. Inuka sasa. Njia imekwisha."